Sumaku za Gitaa Jekundu

Bangwe, Kigoma
4 Februari 2024

Mwanangu Mariana,

Marahaba, mama. Najua hapo ulipo umeshaniamkia kabla hujaifungua bahasha vizuri, maana ndivyo mama yako alivyokulea. Mimi ni mzima. Mgongo unauma asubuhi, ukishaona kazi unanyamaza. Mkwe wangu Leodgar hajambo? Na wewe, unakula? Usiniambie unakula chipsi.

Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Kitochi changu kilidondoka majini nilipokuwa napiga kalafati, naziba nyufa za boti la watu, kioo kimekufa, meseji hazisomeki. Kupiga kinapiga, lakini simu za siku hizi nazo hazina sauti. Kila mtu ananong'ona. Siku ile mwezi wa kwanza uliponipigia nilikuwa nimesimama kwenye upepo, basi nikaona tukate tu. Barua ni bora. Barua hainong'oni.

Sasa sikiliza shida yangu. Lile gitaa jekundu, lile tulilovuka nalo ziwa kutoka Kalemie mimi na mama yako, Mungu amrehemu, yeye akiwa na nguo kichwani na mimi nimelivingirisha kwenye godoro, gitaa hilo linaumwa. Sauti imezama. Napiga, lakini ni kama linalia ndani ya sanduku. Nimebadilisha nyuzi mara mbili. Nimebadilisha waya wa kwenda kwenye spika. Nimeazima hata spika ya Thobias, yule anayepiga gitaa la ridhimu, mambo yaleyale. Kwa hiyo amebaki mtuhumiwa mmoja: sumaku. Zile mbili zilizo chini ya nyuzi, zinazoidaka sauti na kuipeleka kwenye spika. Zimezeeka. Zina miaka thelathini na zaidi, hata mimi ningechoka.

Wewe uko Kariakoo, kila kitu kipo huko. Nitafutie sumaku nyingine. Ndani ya bahasha kuna elfu themanini, ndiyo yote, usiongeze ya kwako. Sitaki sumaku za kifahari, nataka zenye ncha, zilie ting! wala zisigugumie.

Haraka yangu ni hii. Kwaya yetu imealikwa Kalinzi mwishoni mwa mwezi wa sita, kwenye sikukuu ya parokia yao. Mwalimu wetu wa kwaya ni Happiness sasa, binti mmoja mkali kama pilipili. Jumapili iliyopita alinifuata mpaka kwenye spika akapunguza sauti kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya waumini, wakati hata mimi mwenyewe nilikuwa sijisikii! Amesema gitaa lisipotengemaa, Kalinzi wataenda na kinanda peke yake. Miaka ishirini na saba napiga solo kanisani hapa, Mariana. Siwezi kubaki Bangwe siku hiyo nikihesabu migebuka kama muuza samaki.

Baba yako,
Marselino


Dar es Salaam
16 Februari 2024

Baba,

Shikamoo. Leodgar naye anakuamkia, yuko mezani anasahihisha madaftari ya wanafunzi na kuguna. Sisi ni wazima. Chipsi sijala, nimekula ugali na dagaa zako, ulizompa mama Mwanaima anitumie. Mpe asante zangu unapopita gengeni kwake.

Sumaku zako nimezianza. Jumamosi nilifunga kibanda changu cha vitenge mapema nikapanda ghorofani kwa fundi mmoja anaitwa Erasto, anatengeneza magitaa na spika. Nikamwambia baba yangu anataka sumaku zinazolia ting. Akacheka, akaniambia wote wanataka hizo. Akanifundisha mpaka kichwa kikaniuma. Kumbe kila sumaku imezungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, maelfu ya mara. Waya ukizidi, sauti inakuwa nene na kubwa. Ukipungua, sauti inakuwa nyembamba na kali. Halafu zipo zenye koili moja, hizo ndizo zenye ncha lakini zina kelele ya nyuki, na zipo pana zenye koili mbili, zimetulia ila ni nzito kidogo.

Kwa mfuko wetu kuna njia tatu. Kuna mpya za kutoka nje, ziko kwenye boksi zuri, laki nne. Hizo tulizitazama tu kama watu waliopita duka la dhahabu. Kuna zilizong'olewa kwenye gitaa bovu, elfu tisini, jina lake zuri ila moja ina kutu. Na kuna za Kichina kwenye mfuko wa nailoni, elfu sitini pea moja. Erasto anasema usizidharau, ila lazima uwe na mtu wa kuzichagua, maana kwenye mfuko huohuo moja ni nzima na nyingine ni nusu maiti. Yeye anazipima moja moja kwa mita.

Anataka kujua mambo mawili. Tundu la sumaku kwenye gitaa lako lina upana gani? Na nyuzi zako zimeachana kiasi gani, kutoka wa kwanza mpaka wa sita? Pima kwa rula, Baba. Tafadhali kwa rula.

Lingine. Siku ile nilipokupigia nilikwambia neno. Nilikwambia nikiwa nimekaa kitandani nimeshika simu kwa mikono miwili, na wewe ukanijibu habari za mvua, ukakata. Unasema upepo. Sawa. Neno lenyewe silirudii hapa kwa sababu unajua barua inapita mikono mingi, na mambo kama hayo hayatangazwi. Lakini wewe nilikwambia. Nilitaka kujua tu kama una la kunijibu.

Mwanao,
Mariana


Bangwe
3 Machi 2024

Mariana, mama,

Marahaba sana. Nimefurahi kusikia mnakula dagaa. Huku mvua imetulia, mgongo umetulia, Thobias ameng'oa jino na sasa anaimba kwa upande mmoja.

Rula sina, na hata ningekuwa nayo nisingeitumia. Nimetengeneza maboti arobaini na mbili bila rula na hakuna lililozama. Nimekukatia kijiti. Kiko humu ndani ya bahasha, kimefungwa na uzi. Urefu wa kijiti ndio urefu wa tundu. Alama ya kwanza niliyokata kwa kisu ni upana wa tundu. Alama ya pili mpaka ya tatu ni kutoka uzi wa kwanza mpaka wa sita. Mpe Erasto. Kama ni fundi kweli atajua, na kama hajui, hamia kwa fundi mwingine.

Nimesoma habari za koili moja na koili mbili. Chukua za Kichina. Kelele ya nyuki sijali, mradi zilie. Mwambie achague ile yenye ncha kupita zote.

Na lile neno lako la kwenye simu, nililisikia vizuri tu. Mimi siyo mtu wa maneno mengi. Hayo ni mambo ya kawaida, yanawapata watu wote, usiyatilie maanani sana.

Baba yako,
Marselino


Dar es Salaam
15 Machi 2024

Baba,

Shikamoo.

Sumaku zimo kwenye kiboksi, nimezikabidhi kwa kondakta wa basi. Erasto alipima kumi na mbili ndipo akapata mbili nzuri. Kijiti chako alikielewa, amekitundika ukutani. Waya mwekundu uchomelee pale ulipokuwa wa zamani, ule mtupu usio na plastiki unakwenda kwenye bati. Tundu litabidi ulipanue kidogo kwa patasi.

Leodgar anakusalimu.

Mariana


Bangwe
7 Aprili 2024

Mwanangu,

Barua yako ilikuwa fupi kama risiti. Hukuniuliza hata mgongo. Nimeigeuza nyuma nikidhani kuna maneno mengine, kumbe wapi. Kama Leodgar amekuudhi niambie, nitapanda treni nije kumtazama tu, sitasema kitu.

Kiboksi kilifika. Nilipanua tundu kwa patasi ndogo, ile ya mbavu za boti, siku mbili nzima kwa upole kama natoa mwiba. Nikachomelea kama ulivyoandika. Wiki Kuu yote nilikuwa na hamu kama mtoto anayesubiri nguo za sikukuu. Pasaka ikafika. Wimbo wa Utukufu ukaanza, nikapiga.

Mariana, ni yaleyale. Sauti ileile iko sandukuni. Nikaongeza kidogo. Nikaongeza tena. Nikaona watu wa benchi za mbele wameshika masikio, mzee Samson akatoka nje na fimbo yake. Happiness akaja akachomoa waya ukutani. Nilibaki nimesimama na gitaa shingoni kama mtu aliyekuja kuliuza. Kwaya ikamaliza wimbo bila mimi. Niliona midomo yao inakwenda.

Sijui nimemkosea nani. Sumaku mpya, nyuzi mpya, waya mpya. Labda Erasto naye ametuuzia zile nusu maiti. Nakutumia zile za zamani, zimefungwa kwenye kipande cha kitenge cha mama yako. Mwambie azipokee, tumwongezee hela kidogo, atupe nyingine zenye ncha zaidi. Kalinzi ni karibu, na Happiness hanisalimii.

Ni mimi baba yako asiye na gitaa,
Marselino


Dar es Salaam
20 Aprili 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje? Nakuuliza kwanza, na ukae chini, maana barua hii ni ndefu.

Jana nilizipeleka sumaku zako za zamani kwa Erasto. Alizipima kwa mita, akainua nyusi. Akazipima tena. Akasema hizi hazina ubovu. Nikamwambia baba yangu ana miaka ishirini na saba anapiga gitaa kanisani, hawezi kukosea. Akasema basi tusibishane, tusikilize. Alikuwa na gitaa mezani limefunguliwa tumbo, akazichomelea humo, akachomeka kwenye spika ndogo, akapiga nyuzi zote sita mara moja.

Baba, ilikuwa ni wewe. Ilikuwa Jumapili Bangwe, nina miaka saba, nimekaa benchi la pili na mama, na wewe uko pale mbele na shati lako la bluu. Ting, kama ulivyosema. Kali, safi, ina ncha inayoingia mpaka kwenye meno. Nililia mbele ya fundi wa watu mpaka akanipa kitambaa cha kufutia risasi ya kuchomelea.

Nilipomaliza kulia nikaanza kuwaza. Simu zote zinanong'ona. Happiness anapunguza wakati wewe hujisikii. Watu wameshika masikio, na wewe unasema sauti iko sandukuni. Umeona midomo ya kwaya inakwenda. Umeandika umeona, Baba, hukuandika umesikia.

Gitaa haliumwi. Nadhani ni masikio yako. Na nadhani wewe unajua.

Sikasiriki. Ngoja, nasema uongo, nilikasirika sana. Siyo kwa hilo. Nilikasirika tangu mwezi wa kwanza, kwa lile neno. Uliponiandikia kwamba ulilisikia na ni jambo la kawaida, usilitilie maanani, nilikunja ile barua nikaiweka chini ya godoro, nikamwambia Leodgar sina baba. Ndiyo maana nilikuandikia risiti. Sasa nimeelewa kwamba hukusikia hata silabi moja, ukaona aibu kuuliza.

Basi nakuandikia, na mikono yote itakayoishika barua hii ipite nayo salama. Miaka sita tumengoja, Baba. Mara mbili zilitoka, unajua, mara ya pili wewe ndiye uliyekuja kunishika mkono hospitali. Siku ile kwenye simu nilikwambia: Baba, Mungu ametukumbuka, nina mimba ya miezi mitatu na daktari anasema imeshika. Nawe ukasema, "Eee, hata huku imenyesha sana."

Sasa ni miezi sita. Inacheza. Inapiga teke nikipita karibu na duka la muziki. Nitajifungua mwezi wa saba, Mungu akipenda.

Nijibu, Baba. Neno lolote.

Mwanao,
Mariana


Dar es Salaam
19 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Ni mwezi mzima sijapata kitu kutoka kwako. Nimempigia mama Mwanaima, ananiambia u mzima, unapita gengeni kwake asubuhi, anakusalimu mwakeye nawe unapita tu kama waziri. Sikumwambia kwa nini.

Kama nimekudhalilisha, nisamehe. Sikutaka kukuvua nguo. Nilitaka tu unisikie.

Mariana


Bangwe
2 Juni 2024

Mama yangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Zihesabu, moja ni ya mwezi wa nne, moja ya mwezi wa tano, na hii ya leo.

Barua yako niliisoma nikiwa chini ya boti nimelala chali, mikono ina lami. Nilisoma mpaka kwenye neno masikio, nikaikunja nikaitia mfukoni. Nikakasirika. Nikasema huyu mtoto yuko Dar, anajuaje masikio yangu? Siku tatu sikuisoma tena. Yaani hata sikufika kwenye habari yenyewe! Siku ya nne nikasema ngoja nimalizie matusi yake, nikafungua. Nikafika kwenye "nina mimba."

Mariana, nililia. Nilikaa juu ya mbao nikalia kwa sauti, sijui kubwa sijui ndogo, mimi sikujisikia. Thobias alikuja mbio akidhani nimejikata kidole.

Nisamehe, mwanangu. Nilijua. Tangu mwaka juzi najua. Kwanza walipotea kuku. Nikadhani wameibiwa, kumbe wapo, wananitazama tu. Halafu ikapotea sauti ya mvua kwenye bati. Kila kitu kikazama polepole, na mimi kila kikizama nacheka na kusema eee, sawa, ndiyo. Ukisema sawa na ndiyo unaweza kuishi na watu muda mrefu sana. Lakini gitaa niliona siwezi kuliambia sawa. Nikaona kukuomba sumaku ni rahisi kuliko kukuomba masikio. Sumaku zinauzwa.

Na wewe umenipa habari ya maisha yako, mimi nikakujibu mvua. Kisha nikakuandikia ni jambo la kawaida! Nimeirudia barua hiyo kichwani kila siku. Ningekuwa mama yako ningenipiga ufagio.

Sababu ya kuchelewa ni kwamba sikutaka kukujibu kwa maneno matupu. Nilitaka nijibu nikiwa nimefanya kitu. Sikiliza. Nilikuwa nazikaza skrubu za zile sumaku mpya, nimeinamisha kichwa ili nione, maana na macho nayo ni yaleyale. Kidevu changu kikagusa mbao ya gitaa, pale kwenye pembe ya juu. Mkono ukaparaza uzi bila kukusudia.

Nikasikia! Siyo kusikia kwa kubahatisha. Ting, mpaka kwenye meno. Nikainua kichwa, kimya. Nikashusha taya, ting. Nilicheza mchezo huo nusu saa kama mwehu. Spika haikuwashwa hata.

Basi nikaona kweli niende kwa watu wanaojua. Kulikuwa na madaktari wa masikio wamekuja Ujiji wiki moja, nikapanga foleni na kina mama wenye watoto. Daktari, dada mmoja mpole, alichukua chuma chenye meno mawili kama uma, akakigonga, akakiweka mbele ya sikio langu. Sikusikia. Akakigonga tena, akakiweka kwenye mfupa nyuma ya sikio. Nikamwambia, "Hiyo ni do." Akashangaa. Akagonga kingine kikubwa. Nikamwambia, "Na hiyo ni do, ila ya chini." Akaita wenzake waje kunitazama. Aliniandikia mambo yote kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, hakunipigia kelele. Kwa ndani sikio ni zima, mama. Vifupa vidogo vya mlangoni mwa sikio ndivyo vilivyokaza, kama bawaba yenye kutu. Sauti ikipitia mlangoni inakwama, ikipitia mfupani inafika. Anasema Dar wapo wanaoweza kuvifungua, hakuniahidi, lakini ameniandikia barua ya kwenda nayo.

Nilimwambia Happiness ukweli. Nilidhani atanicheka. Alikaa kwenye ngazi ya kanisa akalia, akaandika kwenye daftari langu: Mzee, kwa nini hukuniambia, nilidhani unanidharau.

Lile jambo la mwezi wa saba silitaji tena mpaka likamilike. Unajua mwenyewe. Lakini kila asubuhi naligusa tumbo la boti ninalotengeneza na kusema shikilia hapo hapo. Kunywa maji. Usibebe vitenge vizito, mwache Leodgar avibebe, amesoma lakini ana mabega.

Mimi baba yako,
Marselino


Dar es Salaam
13 Juni 2024

Baba,

Shikamoo mara tatu nami, tusidaiane.

Nimeisoma barua yako kwa sauti, Leodgar amekaa pembeni. Tulipofika kwenye kuku alicheka mpaka akapaliwa. Tulipofika kwenye do aliinuka akaenda kusimama dirishani. Huyo ndiye mkwe wako.

Erasto alikataa kabisa kuzinunua sumaku zako. Anasema hizi zirudi nyumbani kwao. Zimo humu, bado ziko kwenye kitenge cha mama. Zirudishe mahali pake, na zile za Kichina mpe Thobias, hakuna haja ya kugombana na sumaku nzima. Kijiti chako anakibakiza, ameshakitumia kwa magitaa mengine mawili.

Chumba chako kipo tayari. Nimeweka kitanda karibu na mlango. Hatutazungumza mambo ya operesheni mpaka ufike, na tukizungumza tutaandika.

Nenda Kalinzi ukapige.

Mariana wako


Bangwe
14 Julai 2024

Mwanangu mpenzi,

Pole na hongera, hongera na pole. Sijui nianze na lipi, utaona herufi zimelewa.

Niseme Kalinzi kwanza ili nitulie. Tulipanda juu kwa lori, baridi ya huko inaingia mpaka kwenye nyuzi. Nilikuwa nimechonga kipande cha mbao ya mninga, nikakikunja kidogo kama ubavu wa boti, nikakifunga kwenye pembe ya gitaa, mwisho wake unafika kwenye taya langu. Sumaku zangu za zamani mahali pake. Happiness aliweka spika mwenyewe kipimo anachotaka, mimi sikuigusa. Nilikaa kwenye kiti, nimelaza shavu, nimefumba macho, nikapiga. Wimbo wa pili nikahisi kitu kizito mabegani. Mama mmoja wa Kalinzi alidhani mzee amesinzia, kaniletea blanketi! Nikapiga solo nzima nimefunikwa blanketi. Thobias anasema watu walipiga vigelegele. Nilimwuliza vilikuwaje, akaniandikia: virefu.

Sasa la kwetu. Juzi mama Mwanaima alikuja akikimbia mpaka ufukweni, ameshika simu juu kama mwenge, dagaa ameziacha juani. Alinishika mkono, akaandika mchangani kwa kidole: MSICHANA. WOTE WAZIMA. Kisha akaniwekea simu sikioni. Akanionyesha kwa mikono, mtoto analia, analia huyo! Nikatikisa kichwa. Mdomo ukataka kusema eee, sawa, ndiyo, kama ulivyozoea. Nikauzuia. Nikamwambia, "Mwanaima, sisikii kitu." Mbele ya watu wote wa pale, mafundi na wauza samaki, nikasema sisikii. Ni mara ya kwanza. Hakuna aliyecheka. Mwanaima akalia na kunikumbatia akiwa na magamba ya samaki.

Leodgar amemwambia Mwanaima kuwa mmempa jina la marehemu, Eufrasia. Mama yako angejifanya hakubali, halafu angeenda kuwaambia majirani wote. Nimezunguka nyumba mara tatu nikiliita. Asanteni.

Nimeshakata tiketi ya treni ya Jumanne, basi lipo ila gitaa halipendi kukunjwa. Barua hii nampa dereva wa basi ili initangulie, ujue mapema ninachotaka. Nikifika mlangoni usinipe chai. Usinipe maji ya kuoga, wala usiniulize habari za safari, sitakusikia. Nipe mtoto. Ndevu nitakuwa nimenyoa vizuri, nitabeba wembe. Nitaweka taya langu hapo juu ya kichwa chake, taratibu, kama ninavyoliwekea gitaa.

Halafu wewe mchokoze kidogo, alie.

Babu yake Eufrasia,
Marselino